Lamalera Haikujitenga na Dunia
Kwa miaka mingi kijiji cha Lamalera, kilichoko pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata nchini Indonesia, kimeelezwa kuwa makazi ya wawindaji wa nyangumi wanaojitosheleza kwa bahari, wasiomhitaji mtu wa nje. Sivyo. Ardhi yao ni ya mawe na haifai kwa kilimo. Kwa hiyo nyama ya nyangumi, hasa wale watoao ambari (nta ya kutengenezea manukato), hukatwa vipande na kuanikwa juani, kisha wanawake huibeba kichwani kwa mabeseni hadi soko la Wulandoni au vijiji vya milimani, wakabadilishana na wakulima kwa mahindi na ndizi, mali kwa mali. Anayepigwa picha ni lamafa, yule arukaye kutoka omoni, mbele ya mashua, na chusa mkononi. Ila bila mahindi ya mlimani hata yeye hashibi, na kwa maoni yangu mama mwenye beseni alistahili kutajwa kwanza. Wala watu wa Lamalera hawakusahauliwa na wakati: Ukatoliki uliwafikia tangu karne ya 19, na siku hizi mashine za boti husaidia makasia.