Afraha 2018: Simba ilivyofika fainali bila bao

Mashabiki wa Nakuru wakianza kukumbushana SportPesa Super Cup ya Juni 2018, mashindano ya klabu za Kenya na Tanzania, hadithi huwa ni ile ile: klabu za Kenya ziliwafunza Watanzania kusakata kabumbu. Gor Mahia iliichapa Simba 2-0 kwenye fainali uwanjani Afraha, washambuliaji wake Kagere na Tuyisenge wakafunga, na K'Ogalo (ndiyo Gor hao) wakajikatia tiketi ya kwenda Goodison Park kucheza na Everton. Sawa. Lakini mimi ni kocha wa viungo, nalipwa kutazama mapafu na miguu, na matokeo yale yananiambia jambo lingine.

Simba ilifika fainali bila kutikisa nyavu hata mara moja ndani ya dakika 90. Sare tasa na Kariobangi Sharks, ikapita kwa matuta. Sare tasa na Kakamega Homeboyz, matuta tena. Na hao ndio walikuwa mabingwa wapya wa Tanzania Bara! Yanga ilifunga moja, Homeboyz wakafunga matatu. JKU ya Zanzibar ililala 3-0 mbele ya Gor. Timu tatu za pwani, mechi tano, bao moja.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni asilimia 21, kama Dar tu, ila shinikizo la hewa huku limepungua kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mchezaji wa pwani hatalemewa na mbio moja ya mita 20. Inayommaliza ni ya pili, inayokuja kabla moyo haujatulia. Mtazame winga wa pwani baada ya dakika ya 60: anapanda vizuri, anamwaga krosi, halafu anarudi akitembea, mikono kiunoni, na nyuma yake beki wa pembeni ameachiwa watu wawili peke yake. Mpira nao unaenda mbali zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Kipa aliyezoea Dar anautokea mpira mrefu na kukuta umeshampita juu ya kichwa.

Ratiba ikaongeza tatizo. Timu ya pwani ikija nyanda za juu, ama ifike saa chache kabla ya mechi, ama ifike wiki mbili mapema. Siku za katikati ndizo mbaya: usingizi unakatika, mwili unapoteza maji haraka, na chembe nyekundu za damu bado hazijaongezeka. Mashindano yalianza Juni 3, yakaisha Juni 10. Humo humo kwenye siku mbaya.

Kwa hiyo Simba kurudi nyuma na kusubiri matuta wala usiite woga. Ukiniuliza mimi, ilikuwa hesabu nzuri. Sare haikuwa na muda wa nyongeza. Nusu saa zaidi kwa miguu ile ingewaumbua.

Utaniuliza: mbona 2017 Gor ilibeba kombe hili hili kule Dar, kwa kuilaza AFC Leopards 3-0? Hapo mwinuko hauna la kusema, ni kalenda. Ligi ya Kenya siku hizo ilikuwa katikati ya msimu kila Juni, na ya Tanzania imemalizika Mei: miguu imechoka, mikataba inaisha, akili iko likizoni. Januari 2019, mashindano yakiwa Dar tena, Simba ilikuwa imetoka kupigwa 5-0 na AS Vita mjini Kinshasa siku chache tu kabla, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Bandari wakaitoa 2-1 katika nusu fainali (nao ni watu wa Mombasa, usiwatafutie mlima), kisha Sharks wakawafunga Bandari 1-0 kwenye fainali. Msimu huo huo Simba ilifika robo fainali ya Afrika. Kagere alikuwa ndani ya kikosi, maana alihamia Msimbazi, yaani Simba, muda mfupi baada ya Afraha, akamaliza na mabao 23 na kiatu cha mfungaji bora wa ligi.

Sitapima ligi mbili kwa wiki moja ya Juni. Na klabu ya Dar ikialikwa Nakuru tena, ikapige kambi Mbeya, nyanda za juu, wiki mbili kwanza. Ikishindwa, ije asubuhi ya mechi.