Kiruvu: maana ya kumsogeza karibu Myahudi aliye mbali

Kiruvu ni neno la Kiebrania, lakini Mswahili ana ndugu yake mdomoni kila siku. Mzizi wake, k-r-v, ni ule ule wa Kiarabu uliotupatia "karibu". Maana yake ni kumsogeza mtu karibu. Kwa ukamilifu husemwa kiruvu rehokimu, kuwasogeza walio mbali, na walio mbali hao ni Wayahudi wenyewe: mtu aliyezaliwa na mama Myahudi, akakulia Moscow au Buenos Aires, asijue kusoma herufi moja ya Kiebrania wala kwa nini bibi yake aliwasha mishumaa Ijumaa jioni.

Kwa hiyo kiruvu si kuhubiria mataifa. Dini ya Kiyahudi haitafuti waumini wapya. Asiye Myahudi anayeomba kuingia huulizwa kwanza kama anajua uzito wa anachokitaka, kisha husoma kwa muda mrefu, hufika mbele ya baraza la watu watatu na kuzama katika maji ya utakaso, mwanamume hutahiriwa. Huko ni kuongoka, na kuna jina lake, giyuri. Abayudaya wa Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919, walianza wenyewe bila baraza la marabi, na wengi wao waliingia rasmi kwa mlango wa namna hiyo mwaka 2002. Lakini wale waliorudi kusali pamoja baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, utawala wake ukiwa umewapiga marufuku, walipitia jambo lililo jirani kabisa na kiruvu.

Msingi wa kisheria ni dhana ya Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya marabi juu ya sheria, iitwayo tinoki shenishba, "mtoto aliyetekwa". Mtoto aliyechukuliwa akalelewa na wageni hahesabiwi mwasi kwa kutoshika sheria ambayo hakufundishwa. Katika karne ya 12, Maimonides, rabi na mwanasheria mkubwa, aliitumia hoja hiyo kwa watoto wa Wakarai, kundi lililokataa mapokeo ya marabi: wao hawana hatia ya wazazi wao, wavutwe kwa maneno ya amani. Ukiliacha neno hili, kiruvu yote inaharibika, kwa sababu utamkemea mtu kwa kupoteza kitu ambacho hakuwahi kukabidhiwa.

Anayerudi huitwa baali teshuva. Teshuva ni "kurejea", na ina undugu na neno letu toba. Maimonides anataja sehemu zake: kuacha kosa, kujutia, kuazimia kutolirudia, na kuliungama kwa kinywa. Sasa, mtu ambaye hakuwahi kufundishwa Sabato aanze kwa kujutia nini? Ndiyo maana wanaojua kazi hii huanza na tendo. Hutegemea jibu la Waisraeli penye mlima Sinai, Kutoka 24:7: "tutatenda na tutasikia", kutenda kukitangulia. Tendo moja la amri huitwa mitsva, na hilo ndilo kipimo cha kiruvu. Mitsva moja leo inatosha, hata kama kesho hakuna nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa tefilini, visanduku vya sala vinavyofungwa mkononi na kichwani. Mwaka 1967, siku chache kabla ya Vita vya Siku Sita, Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Chabad, jumuiya ya Wayahudi washika dini, huko Brooklyn, New York, aliwatuma wafuasi wake wawavalishe Wayahudi wenzao tefilini popote wanapowakuta. Tangu hapo vijana wao husimama barabarani na kuuliza: "Samahani, wewe ni Myahudi?" Akijibu hapana, hutakiwa siku njema, basi.

Tefilini ni visanduku viwili vyeusi vya ngozi vyenye mikanda, na ndani mna vifungu vinne vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi: viwili vya Kutoka 13 na viwili vya Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11. Cha mkononi kina ngozi moja. Cha kichwani kina vyumba vinne. Huvaliwa na wanaume kuanzia miaka 13, mchana tu, na si siku ya Sabato. Kunja mkono wa shati kwanza, maana kisanduku hukaa juu ya ngozi tupu ya mwili. Anayetumia mkono wa kulia huvaa kushoto, juu ya msuli, kikielekea moyoni. Baraka husomwa kabla ya kukaza mkanda. Kisha huuzungusha mara saba chini ya kiwiko, huvaa cha kichwani, na humalizia kwa kuzungusha mara tatu kwenye kidole cha kati. Husoma Shema, ungamo la Mungu mmoja, na dakika tano hazijaisha. Kosa la kawaida ni kuacha cha kichwani kishuke hadi kwenye paji la uso. Mahali pake ni pale nywele zinapoanzia kuota na kupanda juu, katikati, usawa wa nafasi iliyo kati ya macho. Na herufi moja ndani ikipasuka, kisanduku hicho kinaweza kuwa batili, kwa hiyo tefilini hukaguliwa na mwandishi mwenye ujuzi.

Njia ya pili, na kwa maoni yetu yenye nguvu zaidi, ni meza ya Ijumaa jioni, Sabato inapoanza. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama (Jerusalem desturi ni 40). Mezani huwa na kikombe cha divai na mikate miwili iliyofunikwa. Ugumu uko kwenye saa. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, mgeni akiwa bado kazini. Juni huzama baada ya saa tatu usiku, watoto wameshalala. Tena, kuendesha gari Sabato ni marufuku. Marabi wametofautiana kama inafaa kumwalika mtu atakayekuja kwa gari, na wanaoruhusu hutaka umwandalie kitanda, ili asilazimike kurudi usiku.

Kinachoharibu mara nyingi ni haraka. Kijana hurudi kutoka masomo ya dini ya wiki chache, anakataa sahani za mama yake kwa kuwa zimepakuliwa vyakula visivyoruhusiwa, na nyumba inagawanyika. Kuheshimu wazazi ni amri katika zile kumi, na njia ipo bila kuvunja sheria ya chakula: chakula kilichofungwa mara mbili kwa karatasi ya alumini hupashwa katika jiko la nyumbani, kikaliwa kwenye sahani za karatasi. Baadaye, wazazi wakikubali, sufuria za chuma zilizopikiwa vyakula vya majimaji hukaa saa 24 bila kutumika, kisha hutumbukizwa katika maji yanayochemka chini ya usimamizi wa rabi. Vyungu vya udongo havitakasiki hivyo, hubadilishwa.

Nasaba nayo ithibitishwe mapema. Sheria ya Kurudi ya Israeli, tangu marekebisho ya 1970, humpa haki ya uhamiaji hata mjukuu wa Myahudi, lakini rabi wa Kiorthodoksi, yaani wa Wayahudi wanaoshika sheria za mapokeo, huangalia upande wa mama tu. Wapo wanaoligundua hilo wiki chache kabla ya harusi, kwa uchungu mkubwa. Hati ya ndoa ya bibi mzaa mama, daftari la sinagogi, au picha ya kaburi lenye jina la Kiebrania: vitafutwe wakati wazee wangali hai na wanakumbuka mji walikotoka.