Jani tupu la pothosi halizai mmea

Kwenye vibaraza vya Mtwara utakuta jani moja la pothosi, lile ua la kutambaa, limesimama kwenye chupa ya maji, mwenyewe akingoja lirefuke. Wengi huamini jani linatosha. Halitoshi. Linaweza kutoa mizizi na kubaki bichi kwa miezi, ndiyo maana watu hawakati tamaa, lakini halichipui: jicho la kuchipua lipo kwenye kifundo cha shina, pale kikonyo cha jani kinapoanzia. Kitazame kwa karibu, utaona kinundu cha kahawia. Huo ni mzizi unaosubiri unyevu. Kata shina sentimita 1 au 2 chini ya kifundo, kizamishe, jani libaki juu. Maji badilisha kila wiki, maana kwa joto letu la pwani huharibika upesi.