Sifuri inayodanganya

Nikisema natengeneza sensa za kupima mkondo wa DC, yaani umeme unaoenda upande mmoja kama wa betri, ndani ya vifaa vya umeme, lazima mtu aniulize, si ubane tu waya kwa klampu, kile kipimo chenye taya, umalize? Klampu ya kawaida ndani yake ni transfoma, na transfoma haitoi kitu mpaka sumaku ya waya ibadilike-badilike. DC imetulia tuli, kwa hiyo waya unaweza kubeba ampea 20 na klampu inakwambia sifuri bila aibu.

Kuna shanti, kipande cha metali chenye ukinzani mdogo sana, unapima volti inayodondoka pale. Kwa ukinzani wa miliomu 1 na mkondo wa ampea 10 unapata milivolti 10 na joto la wati 0.1, safi kabisa. Panda hadi ampea 100 joto linakuwa wati 10, kwenye kidude kidogo kuliko ukucha, hapo hatuelewani. Alafu saketi ya kupimia inakuwa imeshikana moja kwa moja na umeme mkubwa.

Ndo nikahamia kwenye athari ya Hall. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 kwamba ukipitisha mkondo kwenye bamba jembamba lililo ndani ya uga wa sumaku, volti kidogo inatokea ubavuni. Sensa ya Hall haigusi waya, inasikia sumaku yake tu.

Sasa sikia kilichonikuta. Bodi yangu ya kwanza yenye sensa hiyo ilisoma ampea 0.7 na waya nimeuchomoa kabisa! Nikabadilisha chipu, nikachomelea upya, wapi. Nikaja kuigeuza bodi mezani nipate nafasi ya kikombe, namba ikashuka, nikaizungusha nusu duara ikawa hasi 0.7. Nilikuwa napima sumaku ya dunia bana. Ampea 1 kwa umbali wa milimita 5 inatoa mikrotesla 40, na dunia yenyewe ina kama 25 hadi 65, yaani ninachokitafuta na kelele yake vinalingana kimo.

Dawa yake ni kuweka sensa mbili, moja kila upande wa waya. Uga wa waya unazunguka, upande huu ukipanda ule unashuka, huku uga wa dunia ukielekea kulekule kote, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine dunia inajifuta na waya unajidabo.

Bado bamba la Hall lenyewe lina uongo wake, volti inayotoka hata pasipo sumaku, na inahama na joto. Hapa kuna ujanja naupenda sana: bamba lina miguu minne, unabadilisha-badilisha miguu ya kuingizia mkondo kwa kasi, na ukipanga vizuri ule uongo unageuka alama kila zamu ila volti ya Hall inabaki vilevile, ukichukua wastani uongo unakufa karibu wote.

Bodi ya sasa inasoma sifuri nikiigeuza kokote. Isipokuwa nikiweka bisibisi yenye ncha ya sumaku jirani, maana hiyo iko karibu na sensa moja kuliko nyingine, na kutoa hakusaidii.