Kwa Nini Mkazi wa Marsabit Apate Mgao Mkubwa Kuliko wa Nairobi

"Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Kila mjadala wa mgao wa kaunti, yaani fedha ambazo serikali kuu ya Kenya huzigawia kaunti, unapopamba moto, kaulimbiu hii hurudi. Inadai pesa zifuate idadi ya watu pekee. Mimi naipinga.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi, katika kilomita mraba 700 hivi. Marsabit, kaskazini mwa nchi, ilikuwa na watu 460,000 hivi, waliotawanyika katika zaidi ya kilomita mraba 60,000. Zahanati ya mtaani Nairobi hufikiwa kwa miguu na maelfu ya watu. North Horr, ndani ya Marsabit, mama mjamzito akizidiwa usiku, ambulensi ina safari ya saa nyingi kwenye mchanga na mawe hadi hospitali ya Marsabit mjini, na mafuta hayo yote hulipiwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ndiyo maana mgao wa Marsabit, ukigawanywa kwa kila mkazi, unapita wa Nairobi zaidi ya mara tatu, na bado hautoshi.

Pengo hili halikuletwa na ukame peke yake. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji uende kwenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa matumaini kwamba faida ingesambaa kwingine. Haikusambaa. Katiba ya 2010 ikazitengea kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, pamoja na Hazina ya Usawazishaji ya asilimia 0.5 kwa maeneo yaliyoachwa nyuma.

Je, fedha hizi hukuza uchumi? Hukuza zikijenga kitu. Lami ya Isiolo hadi Moyale, mradi wa serikali kuu, iliondolea wafanyabiashara wa mifugo safari ya siku kadhaa, ambayo ng'ombe walifika sokoni wamekonda.

Kinachoniudhi ni ucheleweshaji. Hazina Kuu ikikawia miezi, kaunti hulipa mishahara kwanza. Mwanakandarasi wa zahanati husubiri, riba ya mkopo wake ikipanda, na jengo hubaki bila paa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka: itafute ya kaunti yako, uone maendeleo yalipata ngapi, kisha umuulize mwakilishi wadi wako.