Mstari mmoja kwenye CV: kwa wanafunzi wa biashara walio LGBT

Kila msimu wa kampuni kuja kusaka wahitimu ukikaribia kuna swali linarudi pale kwenye dawati letu la ushauri wa ajira chuoni, na safari hii lilikuja hivi: mwanafunzi kaketi mbele yangu, CV iko mezani, kidole kakiweka kwenye mstari karibu na mwisho wa ukurasa, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huu niufute?" Mstari wenyewe unasema Mweka Hazina, Chama cha Wanafunzi LGBT, miaka 2. LGBT ni kifupi cha Kiingereza kinachojumlisha wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili na transjenda, yaani watu ambao jinsia wanayojitambulisha nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa.

Nikamuuliza kwani ulikuwa unafanya nini hasa. Akaanza kueleza na ndo nikaona ugumu ulipo, maana alikuwa anakusanya michango, anaandaa bajeti, anapeleka hesabu ofisi ya wanafunzi kila muhula, na mwaka wa pili hela ikapungua akakesha na risiti mpaka akajua imepotelea wapi. Kwenye CV yake yote hapo tu ndo aliposhika hela za watu, kwingine ni masomo na mitihani. Akiufuta anafuta ushahidi kwamba kazi aliyoisomea anaiweza.

Na hofu yake haikuwa ya bure, sitaki mtu awadanganye. Mtafiti András Tilcsik alichapisha mwaka 2011 jaribio lililofanana na kisa hiki karibu neno kwa neno. Alituma CV za kubuni, mbili mbili, kwa matangazo ya kazi 1,769 ya ofisini kwenye majimbo 7 ya Marekani. Waombaji wote wanaume, sifa zinalingana, tofauti ni kwamba mmoja aliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi wanaopenda watu wa jinsia yao na mwenzie mweka hazina wa chama kidogo cha siasa za mrengo wa kushoto. Alichagua uweka hazina kwa makusudi ili mstari uwe na faida kwa mwajiri. Huyu wa pili aliitwa kwenye intavyuu mara 11.5 kwa kila maombi 100, wa kwanza mara 7.2. Piga hesabu: mmoja anatuma maombi kama 9 apate mwito mmoja, mwingine anatuma karibu 14. Ila pengo halikuwa sawa kila mahali, Texas, Florida na Ohio lilikuwa kubwa zaidi, na lilizidi pia pale tangazo liliposisitiza mtu mkali, mwenye msimamo, wa kuamua haraka. Hapo nawaambiaga someni tangazo vizuri, lugha ya tangazo ina mengi ya kusema kuhusu ofisi ilikotoka.

Sasa jibu langu kwake. Sikumwambia futa wala sikumwambia acha. Nilimwambia mwajiri ndo aanze kukuonyesha yeye ni nani, afu wewe ndo uamue umwonyeshe kiasi gani. Wanafunzi wengi wanaligeuza hili, wanafikiri wao ndo wanadaiwa maelezo, wakati kampuni inayotaka miaka kumi ya maisha yako inatakiwa ichunguzwe kwanza. Tukaandika CV mbili. Ya kwanza ina mstari mzima kama ulivyo. Ya pili inasema Mweka Hazina, Chama cha Wanafunzi, na chini yake kazi zile zile za bajeti na hesabu. Hakuna uongo hapo, ni chama cha wanafunzi kweli, na hamna sheria ya uaminifu inayokudai uweke kila kitu mezani kwa mtu usiyemjua.

Kumchunguza mwajiri kunafanyikaje? Anza na maandishi. Kampuni ya kompyuta IBM iliandika kwenye sera yake tangu mwaka 1984 kwamba mtu habaguliwi kwa sababu ya anayempenda, kwa hiyo kampuni ya leo ikikwambia suala hili ni jipya bado tunajifunza, hilo peke yake ni jibu. Tafuta kama sera inataja mwelekeo wa mapenzi NA utambulisho wa kijinsia, vyote viwili, maana nyingi zinataja cha kwanza zinaruka cha pili. Angalia bima inamtambua mwenza wa jinsia moja au la. Ulizia malalamiko yanaenda kwa nani, jina la cheo, sio "tuna mlango wazi".

Kuna pia vipimo. Shirika la Human Rights Campaign la Marekani lilianza mwaka 2002 kuzipa kampuni alama kwa sera zao kuhusu wafanyakazi LGBT, na mwaka ule wa kwanza zilizopata 100 kamili zilikuwa 13 tu, baadae zikafika mamia. Mi navitumia vipimo hivi lakini kwa tahadhari, kwa sababu vinapima sera na alama nyingi zinatokana na majibu ya kampuni yenyewe, havimpimi yule meneja utakayekaa nae kila siku. Tena mwaka 2024 kampuni kadhaa kubwa, Ford na Harley-Davidson zikiwemo, zilitangaza kwamba haziendelei kushiriki. Kwa hiyo angalia tarehe ya unachokisoma, kisha mtafute mtu mmoja anayefanya kazi humo umuulize: hapa kuna bosi yeyote anayeishi wazi, na alipandishwa cheo akiwa tayari yuko wazi?

Sheria nazo zijue kabla hujasaini mkataba. Afrika Kusini katiba yake ya 1996 inakataza ubaguzi huu kwa maneno ya wazi, Uingereza kuna sheria ya usawa ya 2010, na Marekani Mahakama ya Juu iliamua tarehe 15 Juni 2020, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba kumfukuza mtu kazi kwa sababu ni shoga au transjenda ni kuvunja sheria ya haki za kiraia ya 1964. Lakini nchi zaidi ya 60 bado mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, na hili linawahusu sana watu wa biashara maana benki na kampuni za ushauri zinahamisha vijana wao, leo uko huku kesho umepewa mradi nchi ingine. Uliza mapema, na kama unaogopa kuuliza kwa jina lako tuulize sisi wa chuo kwa niaba yako: mtu akikataa kituo kwa sababu za usalama, anapoteza nafasi ya kupanda cheo?

Wenzetu transjenda wana jambo ambalo wengine hawalifikirii kabisa, majina. Cheti cha shahada kina jina moja, kitambulisho kina lingine, akaunti ya benki la tatu, afu siku kampuni inapohakiki wasifu mtu anaonekana kama mdanganyifu. Nendeni ofisi ya msajili mapema, miezi kabla ya kuhitimu, muombe barua inayosema majina haya ni ya mtu mmoja, na huko kazini barua hiyo apewe mtu mmoja tu wa rasilimali watu mkiwa mmekubaliana nani mwingine anaruhusiwa kuiona. Nimeshaona ofa nzuri ikiyumba wiki tatu kwa kukosa karatasi moja.

Njia za kazi zenyewe ni zile zile za wenzenu wote, fedha, masoko, ugavi, ukaguzi, msikubali kusukumwa kwenye kazi zinazoitwa "za watu kama nyie". Kuna Reaching Out MBA inayowakutanisha wanafunzi wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara) walio LGBT na waajiri na inatoa pia ufadhili, na kwa anayetaka biashara yake mwenyewe Marekani kuna NGLCC, chemba ya taifa ya wafanyabiashara LGBT, ilianzishwa 2002, inazipa cheti biashara ambazo angalau asilimia 51 inamilikiwa na watu LGBT ili kampuni kubwa zinunue kwao.

Mtu ananiambia, si bora nikae kimya tu nifanye kazi? Inawezekana, na kwa wengine ndo salama, mi siwezi kumhukumu mtu kwa hilo. Ila kimya nacho kina gharama. John Browne aliingia BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, mwaka 1966 kama mwanagenzi, akapanda mpaka kuwa mkurugenzi mtendaji, na miaka yote hiyo akaficha, mpaka 2007 mahakama iliporuhusu gazeti kuandika habari zake akajiuzulu. Miaka saba baadae Tim Cook wa Apple akasema mwenyewe, kwa muda wake, kwa maneno yake. Kati ya hao wawili kuna Jumatatu nyingi sana za watu wa kawaida wanaoulizwa wikiendi ilikuwaje na kuanza kuchuja kila neno. Kwa Kiswahili angalau unaweza kusema "mwenzangu" mwaka mzima na yeye akabaki yeye, lakini hata hapo utachoka siku mwenzako analazwa hospitali na wewe unaomba ruhusa ya kwenda kumuuguza "rafiki".

Yule mwanafunzi alituma CV ya kwanza sehemu nne alizokuwa amezichunguza, na ya pili sehemu zingine zote. Akaitwa na moja kati ya zile nne. Aliponipigia simu alikuwa anahema, anasema wameuona mstari, wamemuuliza. Nikauliza wamekuuliza nini. "Wanataka kujua ile hela ya mwaka wa pili niliipata wapi."