Kile kishada cha kwenye upanga wa afisa, mnadanganyana sana

Kila gwaride likirushwa kwenye TV lazima mtu aseme kile kikamba chenye kishada kwenye mpini wa upanga ni urembo tu. Siyo kweli jamani. Kilianza kama kamba ya usalama, askari wa farasi anapitisha mkono kwenye kitanzi, anakikaza kwa kile kipete kinachoteleza, basi hata akigongwa upanga ukamtoka kiganjani unabaki unaning'inia kwenye kifundo cha mkono, maana ukidondoka farasi akiwa mbio nani atashuka kuuokota katikati ya vita? Na akitaka kushika bastola anauachia tu, hauendi popote. Ndo maana askari wa farasi wa Uingereza walipewa cha ngozi, haking'ai wala nini.

Wengine eti ni cha kufutia damu. Kishada cha afisa ni cha uzi wa waya, unafuta nini sasa?

Halafu kuna wanaodhani rangi mtu alijichagulia. Wapi! Kwenye jeshi la Prussia, ile dola ya zamani ya Kijerumani, rangi za kishada cha askari wa kawaida zilionyesha yuko kompani gani. Wajapani nao kwenye upanga wao wa 1934, kahawia na bluu ilikuwa kapteni kushuka chini, kahawia na nyekundu ilikuwa meja mpaka kanali, majenerali waliongezewa dhahabu. Yani ulimjua mtu cheo chake hata hujamwangalia begani. Na Wajerumani ndo kiboko, mpaka leo masajenti wao wa ngazi ya juu wanaitwa Unteroffiziere mit Portepee, yani wenye kishada cha upanga, na panga zenyewe walishaacha kuvaa zamani!

Hii ya kusema kishada ni "dhahabu tupu" pia muiache. Kile kichwa chake cha chini kwa kawaida ndani ni kipande cha mti kilichokerezwa, juu yake ndo unazungushwa uzi, na uzi wenyewe ni waya mwembamba wa fedha au shaba uliopakwa dhahabu, umebondwa ukawa bapa halafu ukaviringishwa juu ya uzi wa hariri au pamba. Kazi ya mkono hiyo, inataka subira. Kwa hiyo anayekisugua na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kama anavyosugua bizimu ya mkanda anakimaliza, dhahabu inatoka na ile dawa inabaki imeganda katikati ya nyuzi. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na usikiweke penye unyevu.